"Nina mawazo": kwa nini kubadili unapotazamia jambo kunapunguza wasiwasi

Mtu wa Mbeya au Iringa akikwambia "nina mawazo", hamaanishi kwamba ana hoja za kuchangia kwenye kikao. Anakwambia hajalala vizuri, chakula hakipiti, na kuna jambo linamzunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani. Kiswahili hapa kinashangaza kidogo: neno la kazi ya kawaida ya akili ndilo hilohilo tunalolitumia kwa mateso ya akili. "Acha mawazo," tunaambiana, utadhani ni sigara.

Hatuko peke yetu. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, na watafiti wa afya ya akili wamekusanya semi za aina hiyo kutoka jamii nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kuna kuwaza kunakojenga na kuna kuwaza kunakomla mtu, na watu wengi duniani wameliona hilo bila kuambizana.

Dawa tunayopewa huwa fupi: "Badilisha mtazamo." Utaikuta kwenye stika za bajaji, kwenye status za WhatsApp, na kwa yule shemeji ambaye kila tatizo lako ameshalipata yeye na akalishinda. Kwa muda mrefu niliyachukulia haya kuwa maneno ya watu ambao kodi yao imeshalipwa. Baadaye nikaja kukuta kwamba nyuma ya ushauri huo kuna zaidi ya miaka 20 ya majaribio ya maabara. Ila majaribio hayasemi kile kinachosemwa na stika. Stika inakutaka uone mazuri. Majaribio yanasema jambo dogo zaidi, na kwa maoni yangu la kuaminika zaidi: hama pale ulipokaa kulitazama tatizo, hata kama tatizo lenyewe litabaki kuwa baya.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanasaikolojia. Nasomea viazi mviringo. Niliingia kwenye mada hii kwa sababu ya meseji moja.

Meseji ya Makambako

Ilikuwa Ijumaa, nimo kwenye basi natoka Mbeya kwenda nyumbani Iringa. Tunaingia Makambako, wauza karanga na mahindi ya kuchemsha wanakimbilia madirishani, simu ikalia. Msimamizi wangu wa utafiti: "Jumatatu saa 3 uje ofisini. Sura ya tatu." Basi. Hakuna salamu, hakuna maelezo.

Sura ya tatu ndiyo ya mbinu za utafiti. Kabla basi halijatoka stendi, mimi nilikuwa nimeshafika mbali kuliko dereva. Sura imekataliwa. Kwa hiyo data nilizokusanya msimu mzima kwenye mashamba ya Umalila hazifai. Kwa hiyo narudia msimu. Ada ya mwaka mwingine sina; ya mwaka huu mama aliuza mahindi ili imalizike. Kwa hiyo narudi nyumbani mikono mitupu, mtaani watauliza, na jibu litakuwa kwamba yule kijana wa masters ameshindwa. Kwa hiyo mimi ni mtu wa kushindwa. Yote hayo kutoka kwenye maneno manane. Msitu wa Sao Hill, ambao huwa naupenda kweli, ulipita dirishani na sikuuona.

Sasa angalia vizuri. Katika mlolongo ule wote, tukio lilikuwa moja tu: meseji imeingia. Yaliyobaki yote yalikuwa tafsiri. Lakini mwili haukujua tofauti. Moyo ulidunda, viganja vikatoka jasho, tumbo likakaza, kana kwamba yote yameshatokea.

Katika miaka ya 1960 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Aaron Beck, aliona kitu hiki kwa wagonjwa wake wenye sonona. Kati ya tukio na hisia kulikuwa na mawazo mafupi, ya haraka, yanayojitokeza yenyewe, na mgonjwa hakuyachunguza kwa sababu hakuyaona kama mawazo. Aliyaona kama hali halisi. Beck akajenga tiba nzima juu ya kazi moja inayoonekana nyepesi: kumsaidia mtu alishike wazo lake, aliweke mezani na kulikagua. Je, lina ushahidi? Kuna maelezo mengine yanayowezekana? Tiba hiyo, ambayo leo hufundishwa duniani kote, haikuwa na lengo la kumfanya mtu afurahi. Ilimfundisha kuona kwamba "nitashindwa" ni sentensi, si utabiri wa hali ya hewa.

Tatizo ni kwamba tukiachwa wenyewe, hatuyakagui mawazo, tunayacheua. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba watu wanaorudiarudia huzuni yao kichwani, "kwa nini mimi, kwa nini hivi", hukaa kwenye huzuni hiyo muda mrefu zaidi kuliko wengine, ingawa wenyewe huamini kwamba wanatafuta suluhisho. Ng'ombe wa Rungwe akicheua, angalau asubuhi unapata maziwa. Mimi nilicheua toka Makambako hadi Ipogolo na sikutoa hata kikombe.

Kujikaza si kubadili mtazamo

Nilipofika nyumbani nilifanya kile ambacho wengi wetu tumelelewa kukifanya: nilijikaza. Uso mkavu, "safari njema tu, mama", nikala ugali. Tunakusifu sana kujikaza huku. Mwanaume halii, msomi hababaiki, na mfiwa naye anaambiwa apige moyo konde.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia James Gross alichapisha jaribio ambalo ningependa kila mzazi alijue. Aliwaonyesha watu filamu fupi ya kuchukiza yenye mambo ya hospitali, ikiwemo kukatwa kwa mkono. Kundi moja liliambiwa litazame tu. La pili liliambiwa lifikirie kinachoonekana kwa jicho la kitaalamu, kama mtu anayejifunza kazi. La tatu liliambiwa lifiche hisia, kiasi kwamba anayewatazama asijue kama wanahisi chochote. Kundi la tatu lilifaulu usoni. Lakini hisia ya kuchukizwa haikupungua, na vipimo vya mwili vilionyesha mishipa yao ikifanya kazi zaidi kuliko ya wale walioachwa watazame tu. Kundi la pili, lililobadili namna ya kuitazama filamu, ndilo lililochukizwa kidogo, na mwili haukulipa gharama ile.

Tofauti iko kwenye muda. Kujikaza huja mwishoni, hisia ikiwa imeshafika mlangoni. Unabaki kuushikilia mlango. Kubadili mtazamo huja mapema, pale tafsiri inapotengenezwa. Baadaye, mwaka 2002, Kevin Ochsner, Gross na wenzao waliwaweka watu kwenye mashine ya MRI na kuwaonyesha picha za kutisha. Walipowaomba wazitafsiri upya, sehemu za mbele za ubongo, zinazohusika na kupanga na kuzuia, zilifanya kazi zaidi, na amigdala ikatulia. Amigdala ni sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iko ndani kabisa ya ubongo kila upande, na ni miongoni mwa za kwanza kushtuka tunapoona jambo la hatari au la maana kwetu. Kwa hiyo "mtazamo" si kitu cha hewani. Una mahali pake kwenye nyama.

Hapo kuna kikwazo ambacho wewe msomaji huenda umeshakihisi. Ukiwa na wasiwasi mkubwa, ile sehemu ya mbele ndiyo iliyochoka. Kumwambia mtu aliye katikati ya hofu atafsiri upya maisha yake ni kama kumwambia anayezama ajifunze kuogelea. Inahitajika njia rahisi zaidi, na mimi nilipewa na mdogo wangu.

Mganga hajigangi

Jumamosi jioni mdogo wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Iringa, alinifuata uani. Alikuwa na sapu mbili na alikuwa anaogopa kudisko. Nikamsikiliza, nikamuuliza masomo gani, nikamwambia sapu si hukumu, nikamshauri amwone mwalimu wa somo kabla ya wiki kuisha, atafute maswali ya miaka iliyopita, aanze na somo lililomshinda kidogo. Ushauri mzuri kabisa, niliutoa kwa utulivu wa mzee wa baraza. Kisha nikarudi kwenye kiti changu kuendelea kuharibika.

Akanitazama. "Kaka, na wewe una nini?" Nikamwonyesha meseji. Akaisoma mara mbili, akanirudishia simu. "Ingekuwa ni mimi nimetumiwa hii, ungeniambia nini?"

Nilinyamaza, kwa sababu jibu lilikuja palepale. Ningemwambia: hujui bado anataka nini. Inawezekana ni baya. Likiwa baya, sura moja inaandikwa upya. Watu huandika upya sura kila siku. Kesho andaa maswali yako. Usiku huu ulale.

Wahenga walishalisema: mganga hajigangi. Mwaka 2014 Igor Grossmann na Ethan Kross walilipeleka jambo hilo maabara. Waliwaomba watu wafikirie kwa kina kuhusu usaliti katika mapenzi. Wengine wakiambiwa msalitiwa ni wao wenyewe, wengine wakiambiwa ni rafiki yao. Kuhusu rafiki, watu walifikiri kwa busara zaidi: walikubali kwamba hawajui kila kitu, waliona upande wa pili, walitafuta maelewano. Kuhusu nafsi zao, busara ilipungua. Na wazee wa miaka 60 hadi 80 hawakuwa tofauti na vijana katika hili, jambo ambalo, kwa sisi tuliolelewa kukimbilia kwa wazee, linataka moyo kulikubali. Lakini waliposhauriwa wajitazame kwa mbali, kana kwamba ni mtu mwingine, pengo lile lilitoweka. Busara walikuwa nayo muda wote. Walikuwa wamekaa vibaya kuiona.

Unajitazamaje kwa mbali? Njia moja inachekesha kwa urahisi wake: jiite jina. Kross na wenzake, katika mfululizo wa majaribio waliouchapisha mwaka 2014, waliwapa watu dakika chache tu kuandaa hotuba ya kueleza kwa nini wanafaa kazi wanayoitamani. Kabla ya kuongea, wengine walijiuliza, "kwa nini nina hofu?" Wengine walijiuliza kwa majina yao, tuseme, "kwa nini Neema ana hofu?" Waliotumia majina yao walizungumza vizuri zaidi, na baadaye waliona aibu kidogo na kucheua kidogo. Mwaka 2017 Jason Moser na wenzake walipima umeme wa ubongo wakati watu wakitazama picha za kutisha, na wakaona ishara ya msisimko ikishuka ndani ya sekunde moja kwa wanaojizungumzia kwa jina, bila dalili za ubongo kufanya kazi ya ziada. Hiki ndicho nilichokipenda. Hakidai nguvu ambazo mtu mwenye wasiwasi hana.

Tahadhari moja: kujiita jina ili ujitukane hakuhesabiki. Wengi wetu tunajiita jina pale tu tunapojisimanga, "we Baraka we, mjinga kabisa". Sauti inayotakiwa ni ile unayomtumia mdogo wako uani.

Kiswahili kina njia nyingine ambayo huenda unaitumia kila siku bila kujua. Msikilize mtu anayesimulia msiba wake: "Unajua, mtu ukifiwa unachanganyikiwa, unasahau hata umekula." Anazungumzia nafsi yake, lakini amesema "mtu" na "wewe". Mwaka 2017, katika jarida la Science, Ariana Orvell, Kross na Susan Gelman walionyesha kwamba wazungumzaji wa Kiingereza hufanya jambo hilohilo hasa wanapojaribu kupata maana kutoka kwenye yaliyowaumiza. Ile "mtu" inamtoa msemaji kwenye tundu lake peke yake na kumweka kati ya binadamu wengine waliopita hapo. Nilipoisoma makala hiyo nilimkumbuka bibi yangu, ambaye sidhani kama aliwahi kusema "mimi" kwenye msiba wowote.

Kutoka juu ya Gangilonga

Jumapili alasiri tulipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji, ambalo jina lake la Kihehe husemwa kuwa ni jiwe linaloongea, na ambako inasimuliwa kwamba Mkwawa alikwenda kutafakari. Si mlima wa kujisifia. Dakika chache umefika. Lakini mji wote unabaki chini yako, na ukitafuta paa la nyumba yenu unalipata kwa shida.

Umbali wa muda hufanya kazi inayofanana na umbali wa macho. Emma Bruehlman-Senecal na Özlem Ayduk walichapisha mwaka 2015 majaribio ambamo watu wenye jambo linalowasumbua waliombwa wafikirie watakavyojisikia kuhusu jambo hilo baada ya miaka mingi, au baada ya muda mfupi tu. Waliotazama mbali walisumbuka kidogo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba waliona jambo lile litapita. Nilijaribu nikiwa juu ya jiwe: Jumatatu hii, miaka 10 ijayo, itakuwaje? Sikuona utukufu wowote. Niliona mtu wa makamo akishindwa kukumbuka ilikuwa sura ya ngapi.

Kuna na mwili wenyewe. Moyo unaodunda kabla ya mtihani tunausoma kama tangazo la maafa. Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake waliwaambia baadhi ya wanafunzi waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa kuingia masomo ya uzamili Marekani kwamba mwili kuchangamka kwa namna ile hakuharibu matokeo, na huenda kukasaidia. Walifanya vizuri zaidi kwenye hesabu kuliko wenzao, kwenye jaribio na hata kwenye mtihani halisi baadaye. Alison Wood Brooks wa Harvard, mwaka 2014, alikuta kwamba kabla ya kuimba au kuhutubia, kujiambia "nimechangamka" kulisaidia kuliko kujiambia "tulia". Ina mantiki. Hofu na hamasa zote mbili zina moyo unaokwenda mbio. Kutoka moja kwenda nyingine ni kubadili jina tu, wakati kutoka hofu kwenda utulivu ni kuusimamisha mwili mzima. Kwa hiyo ukiwa nje ya chumba cha UE na mtu akakwambia "tulia bwana", mshukuru, halafu usimsikilize.

Pale ambapo stika inakudanganya

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala hii badala ya kuchapisha tu orodha ya mbinu.

Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto. Fikiria mama aliyekuwa na kizimba pale, mtaji wote ukiwa ndani. Asubuhi unamkuta amesimama mbele ya majivu. Utamwambia abadilishe mtazamo? Ukimwambia hivyo hukumsaidia; umemwongezea mzigo wa kuwa na kosa la kuumia.

Sayansi iko upande wa mama huyo. Allison Troy na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti uliopima uwezo wa watu wa kutafsiri upya mambo, kisha wakaangalia aina ya shida walizokuwa nazo. Kwa shida ambazo mtu hana uwezo nazo, waliokuwa hodari wa kutafsiri upya walikuwa na dalili chache za sonona. Kwa shida ambazo mtu angeweza kuzibadilisha, ikawa kinyume: waliokuwa hodari walikuwa na dalili nyingi zaidi. Nadhani sababu inaeleweka. Hasira na wasiwasi wakati mwingine ndivyo vinavyomnyanyua mtu akadai haki, akaenda kituoni, akahama nyumba. Ukiwa na mwajiri asiyekulipa miezi mitatu, au mume anayekupiga, kujiona kwa mbali kila asubuhi ni njia ya kukaa kwenye moto bila kulalamika.

Ndiyo maana napenda kazi ya Zimbabwe inayoitwa Friendship Bench, yaani benchi la urafiki. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliianzisha mwaka 2006 huko Mbare, Harare, pamoja na bibi wa mtaani waliofunzwa kusikiliza watu wenye kufungisisa, wakikaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hatua ya kwanza inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili: mtu anataja matatizo yake yote, kisha anachagua moja, kisha wawili hao wanatafuta hatua ya kuchukua wiki hii. Mtu anaona kwa mbali kwa sababu amekaa na mwingine, lakini hapohapo anashika jambo la kufanya. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Karibu zaidi na kwetu kuna utafiti wa Moshi na Bungoma, uliochapishwa mwaka 2020, uliohusu watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi. Mikoa yetu ya Iringa na Njombe inajua habari ya yatima kwa sababu ya UKIMWI, kwa hiyo huu si mfano wa mbali. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa tiba inayotokana na ile ya Beck. Mtoto aliyefiwa huweza kubeba wazo ambalo hakuna mtu mzima anayelijua: ningekuwa mtiifu, baba asingekufa. Sehemu ya tiba ni kulitoa wazo hilo mdomoni na kulitazama pamoja. Tiba ilipoisha, katika maeneo matatu kati ya manne watoto waliopata tiba hii walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao. Mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado wazi upande wa Kenya, lakini upande wa Tanzania makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Nayataja yote mawili kwa sababu majaribio mengi niliyokueleza huko juu yalifanywa kwa wanafunzi wa Marekani, na mtu asije akakuuzia mtazamo kama dawa ya kila mahali.

Na kuna mpaka mwingine. Mimi ni Mhehe, na ule utani kuhusu Wahehe na kamba nimekua nao, nimeucheka, nimeusema. Siusemi tena. Utani huo unamfundisha mtu aliyeelemewa kwamba akisema ukweli atachekwa. Mtu akikwambia hataki kuishi, usimpe mbinu hata moja kati ya hizi. Usimwache peke yake, muulize waziwazi, mwondolee karibu vitu vya hatari, na mwende naye hospitali. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Iringa kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mkifika mapokezi ulizeni huduma ya afya ya akili. Hata kama si hali ya hatari, mawazo yakikunyima usingizi na kazi kwa wiki mbili mfululizo, mwone mhudumu wa afya kama ambavyo ungemwona kwa homa isiyoshuka.

Jumatatu saa 3 nilikuwa ofisini. Sura ya tatu kweli ilikuwa na kosa: jinsi nilivyochagua mashamba ya sampuli haikuwa sahihi, na mengi yalikuwa karibu mno na barabara. Data za mashamba manne zilitupwa. Kuandika upya kulinichukua wiki sita na msimu haukurudiwa. Nilikuwa na karatasi yenye maswali matatu niliyoyaandika Jumapili usiku, na swali la pili ndilo lililookoa shamba la tano.

Juzi mdogo wangu, anayesubiri matokeo ya sapu, kanitumia meseji: "Kaka nina mawazo." Nikamjibu, "Ingekuwa ni mimi, ungeniambia nini?" Akajibu palepale kwamba swali hilo ni lake, nitafute langu.